Mkoba Uliopangwa Foleni

Mtaani kwao alikuwa msimamizi wa bomba la maji, tena kwa miaka mingi hata jina lake la kuzaliwa likasahaulika, akabaki Mama Bomba. Kufungua koki ilikuwa kazi ndogo. Kubwa ilikuwa kulinda foleni. Pale bombani mtu hapangi foleni, ndoo ndiyo inayopanga. Unaiweka nyuma ya ndoo ya mwenzako, unakwenda kutazama chungu chako jikoni, hata msibani unakwenda, na ukirudi unaikuta majirani wameisogeza mbele kwa miguu. Aliyethubutu kuruka ndoo ya mtu alikiona cha mtema kuni.

"Wewe, una haraka ya kwenda kuzikwa?" Mama Bomba alikuwa akimfokea. "Rudi mkiani!"

Binti yake, mtoto wa pekee, alikulia katikati ya ndoo hizo. Alipokua alikwenda ng'ambo kufanya kazi za ndani. Mwanzoni akipiga simu unasikia kicheko kabla ya salamu. Baadaye kicheko kikapungua, kikaja kikohozi, halafu ukimya. Mwisho aliyepiga alikuwa shoga yake wa chumba kimoja.

"Mama, figo zimekataa. Yuko hospitali, anakuita wewe tu. Njoo, usikawie."

Ukoo ukajikamua, tiketi ikapatikana. Ndege tatu. Kaka yake alimsindikiza akimwonya njia nzima: "Dada, kule usishangaeshangae. Pasi yako shingoni, mkoba wako mkononi."

Pasi aliivaa shingoni, ndani ya kifuko alichokishona mwenyewe. Hiyo hakuisahau.

Uwanja wa pili ndiko alikotakiwa kungoja. Palikuwa na baridi, na viti vilitenganishwa kwa vyuma ili mtu asijinyooshe. Kila aliyevaa sare, Mama Bomba alimwonyesha tiketi, na kila mmoja alinyoosha kidole bila kufungua mdomo. Alipoupata mlango wake alikaa mkabala nao, hakuuondolea macho, kama anayechunga maziwa yasifurike motoni. Miguu ilikuwa imevimba hata viatu vikamkata. Ndege ilichelewa. Watu walilala, wakaamka, wakala, wakalala tena. Yeye hata maji aliogopa kunywa sana.

Shoga alipiga. "Umefika wapi, mama? Anauliza."

"Mwambie niko njiani. Mwambie nimebakiza mlango mmoja tu."

Hatimaye foleni ikaanza kujipanga. Mama Bomba akaingia. Foleni ikasimama pale pale, haisogei, na haja nayo ikambana. Alistahimili hadi akashindwa. Basi akafanya alichokuwa akikifanya maisha yake yote: akauweka mkoba wake nyuma ya sanduku la mwanamume mwenye kofia, akamgeukia mwanamke aliyekuwa nyuma yake.

"Dada, nishikie nafasi. Nakuja sasa hivi."

Yule mwanamke hakuelewa hata neno, lakini alitabasamu. Mama Bomba akalichukua tabasamu lile kuwa ndiyo.

Kule chooni alikawia. Bomba la kunawia halikuwa na koki. Alilipapasa juu, akalipapasa chini, hata akalipiga kofi, sabuni imemjaa mikononi. Yeye, Mama Bomba mzima, akashindwa na bomba!

Aliporudi, foleni haikuwepo. Watu walikuwa wamesukumwa mbali, utepe umezungushwa, na katikati ya sakafu tupu mkoba wake ulikuwa umesimama peke yake kama mshtakiwa. Mbwa aliunusa. Askari walishika silaha.

"Ni wangu!" alipiga kelele, akakimbilia utepe.

Walimdaka, wakamwingiza chumba kisicho na dirisha. Waliuliza, hakuelewa. Alijibu, hawakuelewa. Baada ya muda mrefu wakamtafuta mfanyakazi wa usafi aliyejua Kiswahili, mama mtu mzima mwenye glavu za mpira.

"Mama yangu, wanauliza kwa nini uliutelekeza mzigo."

"Sikuutelekeza! Niliupanga foleni."

Mfagiaji alimtazama, akataka kucheka, akajizuia. "Mama yangu, huku mzigo haumshikii mtu nafasi. Huku mzigo ukiwa peke yake, ni bomu."

"Bomu? Humo mna gauni la mwanangu na shuka lake. Fungueni!"

Walikuwa wameshafungua. Gauni lilikuwa mezani, limekunjuliwa, bado lina harufu ya nyumbani. Askari walisema maneno machache, wakamrudishia kila kitu.

"Wamekuachia," alisema mfagiaji. Kisha akainamisha kichwa. "Lakini ndege imeondoka, mama. Nyingine ni kesho."

Mama Bomba hakulia. Aliketi kwenye kiti chenye vyuma, mkoba mapajani, mkanda wake ameuzungusha mkononi hata vidole vikafa ganzi. Shoga alipopiga tena, alidanganya.

"Mwekee simu sikioni. Mwanangu, nishafika. Niko mlangoni, wananikagua tu."

Upande wa pili alisikia pumzi, nzito, kama mtu anayepandisha ndoo mlimani.

Kesho yake akapanda ndege ya tatu. Kwenye uwanja wa mwisho shoga alikuwa akimngoja. Hakukimbia kumlaki, na Mama Bomba alipouona mwendo ule akajua.

"Alfajiri ya leo, mama."

Walisimama wakishikana, abiria wakiwapita kwa magurudumu ya masanduku yao.

"Alikungoja sana," shoga alisema. "Kando ya kitanda palikuwa na kiti kimoja. Alinifanya nitandike mtandio wake juu yake. Kila nesi akitaka kukaa, anamzuia kwa mkono: hapa pana mtu. Mimi mwenyewe nililala sakafuni."

"Kiti bado kipo?"

"Wameshakichukua, mama. Wamempa mgonjwa mwingine."