Kaseti ya Chiriku

Shemeji yangu anapaka rangi magari, na gereji nzima inamwita Chiriku. Ukimwona hutaelewa kwa nini. Ni pande la mtu, shingo kama tairi, akikohoa paka wanatawanyika. Jina alilipata enzi za bendi yetu, zile bendi za roki za kupigia gerejini: magitaa mawili yaliyoungwa kwa gundi, ngoma zangu, na kelele za kufukuza wateja. Mkoa wetu ulijaa bendi kama hizo.

Tulirekodi wimbo mmoja tu, kwa kinasa sauti cha betri tulichokiweka juu ya boneti. Redio ikaupiga, watu wakapagawa. Sauti nyembamba, kali, inapanda mpaka darini! Chiriku huyo ni nani? Basi tukaitwa ukumbini. Shemeji akafungua mdomo, ikatoka sauti nzito kama lori linalogoma kuwaka. Ukumbi ukacheka. Mara ya pili wakatuzomea, hakukuwa na ya tatu.

Akanywa asali, akanywa tangawizi. Daktari akamwambia koo lake zima. Yeye akaamini kwamba sauti alipewa siku ile moja, kisha ikamkimbia. Nani anaijua sauti yake mwenyewe kwenye kaseti? Na sisi wenzake tulijua nini? Miaka thelathini hakuimba tena, hata bafuni.

Mwaka jana akaja binti mmoja, fundi wa mitambo ya sauti, anakusanya nyimbo za bendi za gereji za mkoa mzima azitie kwenye albamu moja. Bendi kumi na nne, kila bendi wimbo wake. Tulikaa sebuleni kwa dada yangu, mke wa Chiriku, binti akafungua kompyuta.

"Wazee wangu, kaseti hii inakimbia," akasema. "Mngurumo wa umeme wa spika zenu umo humu ndani, na ule haubadiliki, ndio nimepimia. Kinasa sauti kilikuwa na betri chovu, kikazunguka polepole. Ukiipiga kwenye mashine nzima, kila kitu kinapanda juu. Nimeirudisha kwenye mwendo wake."

Ikatoka sauti nzito, tulivu, imeshiba. Dada akaacha kumimina chai.

"Huyo ni mume wangu," akasema.

Chiriku akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba tena. Mara ya tatu alikuwa amejishika magoti kwa mikono yote miwili.

Mimi na mdomo wangu nikaleta utani. "Shemeji, bora ile ya zamani. Humu ngoma zangu zinajikokota kama mlevi anayetafuta mlango."

Hakucheka. "Betri aliweka nani?"

"Mimi."

"Si nilikupa mpya?"

"Mpya nilizitia kwenye tochi yangu. Zile za tochi ndizo nikaweka... Shemeji, si kilikuwa kinazunguka?"

Angenitukana ningeshukuru. Akamgeukia binti, mimi akaniacha na kikombe changu. "Mwanangu, hata watoto wangu sikuwaimbia. Niliogopa watanicheka."

Binti akauliza albamuni iende ipi. Ile ya mbio ndiyo watu wanayoikumbuka, ndiyo wanayoiulizia.

"Weka yangu," Chiriku akasema.

"Na wewe, mzee wa ngoma?"

Nilikuwa na la kusema, sikatai. Dada akanitazama. "Weka yake," nikasema.

Albamu imetoka. Redio imeupiga wimbo, na watu wamepiga simu kulalamika: huyu siye, mmetuletea mtu mwingine. Chiriku mwenyewe hana habari nao. Siku hizi anaimba akipiga gari msasa, unamsikia tangu barabarani, na mafundi wenzake wanamwitikia. Nikiingia mimi, ananyamaza. "Karibu, shemeji," anasema, kwa adabu zote, anapandisha barakoa puani, anaendelea na gari la watu.