Salamu Iliyonikuta Kwenye Kishikwambi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani. Nilikuwa binti wa shule ya msingi hapa Ijumbi, nimeachwa uani kulinda kahawa iliyoanikwa isije ikachakurwa na kuku. Kuku walichakura walivyotaka, kwa sababu mimi nilikuwa nimeinamia kitabu cha hadithi alichoniazima mwalimu. Shangazi yangu Adelina, dada mdogo wa baba, ambaye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, akapita kwenye njia ya kibanja, yaani shamba letu la migomba. Akanisalimu kwa Kihaya, "Wasibota." Nikaguna tu, macho kwenye kitabu.

Labda wewe uliyekulia mjini hujui. Kwetu mtu akiwa analima na mpita njia akamsalimu, anasimamisha jembe, ananyoosha mgongo, anamtazama, wanaulizana habari za nyumbani mpaka ziishe. Ndipo anainama tena. Kuguna huku umeinama ni sawa na kumwambia mtu aendelee na safari yake.

Shangazi alirudi. Sikuchapwa, ingawa nilijiandaa kuchapwa.

"Mwana wange, mimi sikukisalimu kitabu, nimekusalimu wewe," alisema. "Inua kichwa. Unitazame mpaka uone nimevaa nini."

Kisha akaenda mpaka mwisho wa migomba, kule ambako ningemwona kwa shida, akanipigia salamu tena kwa sauti ya kuita ng'ombe. Nikainua kichwa, nikamtafuta, nikajibu. Majirani walicheka sana. Mimi nilinuna mpaka jioni, lakini somo liliingia. Miaka yote niliyofundisha, hata nikisahihisha madaftari, mtu akinisalimu nilikuwa naweka kalamu chini na kumtazama. Nilidhani ni adabu tu. Laiti ningejua kwamba shangazi alikuwa ananitunzia na macho.

Nilipostaafu, kifungua mimba wangu aliniletea kishikwambi kilichojaa vitabu. Mwanangu, nilipagawa! Mtu niliyezoea kugombania kitabu kimoja na darasa zima, leo nina maktaba mapajani, tena inawaka taa yenyewe. Mwanga niliupandisha mpaka mwisho, maana barazani jua lilikuwa linaufifisha, na nikiingia ndani sikuushusha. Chumbani nilifunga pazia, kiza kikatanda, kile kioo kikawa kinanimulika usoni. Si umewaona senene wanavyojirusha kwenye taa kali mpaka wanaanguka wenyewe? Ndiye mimi, bibi mzima na miwani yangu.

Macho yakaanza kuwasha. Nikalaumu moshi wa jikoni. Yakaanza kuchoma kama yameingia mchanga, herufi zikawa zinacheza, kichwa kinagonga. Nikalaumu uzee. Kishikwambi sikukilaumu, nilikipenda mno.

Alasiri moja nilikuwa barazani nasoma. Shangazi Adelina, sasa ajuza wa mkongojo, alikuwa ametoka kwake kuja kunisalimu kama kawaida yake. Nikasikia, "Wasibota."

"Ee shangazi, karibu," nikajibu, kidole kikifungua ukurasa mwingine. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu kumaliza sura. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, kidogo tu.

Akasimama. Nilisikia mkongojo ukigota sakafuni. "Bado hujainua kichwa," alisema, na sauti yake haikuwa na ukali wowote. Heri angenigombeza. Nilipomaliza ile sura na kutazama, alikuwa amekwishaondoka, na sikuweza hata kusema alivaa nguo ya rangi gani.

Nilisema kesho nitakwenda kwake. Kesho yake ndipo majirani walipomkuta ameanguka jikoni, upande mmoja umepooza na sauti imepotea. Tulimpeleka hospitali, Rubya. Nilikaa kando ya kitanda chake machozi yakinitiririka, watu wakanipa pole kwa kulia. Nilikuwa nalia kweli, lakini macho yalikuwa yameanza kutoa maji siku nyingi kabla ya hapo.

Baadaye nilikwenda Bukoba mjini kwa mtaalamu wa macho, kijana mchangamfu tu. Akaniambia anayekazia macho kwenye kioo husahau kupepesa, na jicho lisilopepesa hukauka. Likikauka huwasha, kisha hutoa maji mengi kujiokoa. "Mama, uwe unainua kichwa mara kwa mara, utazame mbali kabisa," akasema. Maneno hayo nilishayasikia kando ya kahawa nikiwa mtoto.

Basi nikuambie wazi, mwanangu, maana nawe nimekuona na hicho kishikwambi chako. Soma, tena soma sana. Ila mwanga wa kioo uwe kadiri ya mwanga wa mahali ulipo. Usikae gizani ukamulikwa. Kuza herufi, hakuna anayekutoza kwa ukubwa wake. Kiweke mbali kidogo na uso, na upepese. Macho yakiendelea kusumbua, nenda wakayapime, usifanye kama mimi niliyeusingizia moshi. Na mtu akikusalimu, kiweke chini. Mtazame mpaka uone amevaa nini. Sura ya kitabu itakungoja hapo hapo ulipoiacha.

Macho yangu yana nafuu sasa. Shangazi Adelina hospitali walimruhusu kurudi kwake, na kila alasiri nakwenda kumwona, nakiacha kishikwambi nyumbani, napiga magoti kando ya kitanda chake namsalimu. Kujibu hawezi. Lakini kila nikisema "Wasibota," anajitahidi, anainua kichwa kidogo kutoka kwenye mto, ananitazama kuanzia kilemba mpaka miguuni.

Mungu akujalie macho ya kusomea mpaka uzeeni, mwanangu, na asikunyime watu wa kukufanya uyainue.