Dereva Asiye na Usukani

Siku waliponinyang'anya ufunguo wa lori, waliniletea televisheni. Sitanii. Mwanangu wa kwanza aliutoa ufunguo kwenye msumari wake ukutani, akautia mfukoni, na kesho yake akarudi na flashi aliyojaziwa picha na rafiki yake anayetengeneza simu mjini Sake. Alisema humo ndani kuna safari ndefu, nikae nitembee bila kuchoka. Nilikuwa naendesha lori kati ya Mushaki na Mubi tangu yeye hajui kufunga kamba za viatu. Mtu anakutoa kwenye gari lako, halafu anakupa picha ya gari la mwenzio.  

Kosa langu lilikuwa ng'ombe. Mtamba wa rangi ya udongo alisimama katikati ya barabara ya rangi ya udongo, hapo juu kidogo ya soko la Mushaki, na mimi nilimwona alipokuwa amekwisha kuwa mbele ya taa. Nilimvunja pembe moja, akaondoka kwa miguu yake mwenyewe. Bahati mbaya mwanangu alikuwa kando yangu. Alipiga kelele kabla sijagusa breki, na hiyo ndiyo hadithi aliyowapelekea wote nyumbani: yeye alimwona, mimi sikumwona. Wakanipeleka Goma kwa daktari wa macho. Daktari akasema ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki, na kuendesha niache. Nilimwambia yeye anayajua macho, mimi naijua barabara. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniudhi kuliko ugonjwa.

Basi mwanangu akaamua lori liuzwe. Yeye ana duka lake, hapendi matope, na hakuna mtu mwingine nyumbani aliyewahi kuliendesha. Mnunuzi angepanda kutoka Goma siku ya Jumamosi. Ilikuwa Jumatatu.

Niliitazama ile picha ili niitafutie makosa. Ilikuwa treni huko Uingereza, wakati wa theluji. Hakuna anayesema, hakuna kisa. Kamera imefungwa mbele, penye macho ya dereva, na wewe unaona anachokiona yeye: reli mbili nyeusi zinakuja kwako, na kando yake mashamba meupe mpaka mwisho. Sisi wa Mushaki tunaujua weupe wa mvua ya mawe, unaokaa kwenye malisho muda wa kuchemsha chai, halafu umekwisha. Wa wale wenzetu haukuisha saa nzima. Mke wangu alikuja na lungo la maharage, akalikalisha mapajani, akatazama.

"Ngombe yabo iko wapi?" akauliza. "Inakula nini mu ile mweupe yote?"

Nilimwambia labda wamefungiwa. Hakuridhika. Kila nyumba iliyopita alitafuta zizi, na kondoo walipotokea, wamejikusanya kwenye ukuta wa mawe, alinung'unika kwamba mwenye wale wanyama hana aibu.

Mimi kilichonikera ni kingine. Yule dereva hana usukani. Nilingoja akate kona, nilingoja akwepe kitu, hakuna. Reli ikienda kulia naye kulia, ikienda kushoto naye kushoto. Nikamwambia mke wangu: "Shofere gani uyu hana volani? Uyu ni abiria wa mbele." Tulicheka. Halafu nikaendelea kutazama, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na sikuwa na pa kwenda. Ndipo nikaona jambo. Yule mtu alikuwa anapunguza mwendo kabla kona haijaonekana. Alipiga honi kabla ya shimo la mlimani, lile ambalo treni inapita ndani yake, kabla mimi sijajua kuna mlima. Kwenye kituo kidogo cha matofali, chenye watu watatu wenye makoti, alianza kushika breki tangu mbali, na akasimama mbele yao taratibu kabisa. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unakanyaga mkeka pamoja naye. Yule hakuwa abiria.

Na niliona! Hilo ndilo lililonipa kiburi. Niliona taa nyekundu, niliona ndege mweusi juu ya waya, niliona mtu na mbwa wake mbali kwenye theluji. Mke wangu akanisogezea lungo lake, maharage meupe, akaniomba nimchambulie huku natazama. Nikachambua, nikamrudishia safi. Daktari wa Goma na vyuma vyake, nikasema moyoni, ajipange upya.

Siku ya Alhamisi nikawaita. Alikuja mwanangu, na alikuja binti yangu wa tatu, ambaye anaendesha pikapu ya kukusanya maziwa kwenye malisho na kuyapeleka kwa watengeneza jibini. Niliwakalisha, nikawaambia wanyamaze, nikawatajia kila kitu kwenye ile theluji kabla wao hawajakiona. Taa. Daraja. Kondoo. Mwanamke mwenye mwavuli. Binti yangu alicheka kwa furaha. Mkono wa mwanangu ukaingia kwenye mfuko wenye ufunguo. Nakiri nilikuwa nimeanza kuchagua maneno ya kumsamehe.

 Mke wangu alinyanyuka, akaniletea lungo lingine, akaomba nimsaidie tena, maharage haya ni ya kesho. Yalikuwa yale ya kahawia, ya Muheto, kijiji ninakonunua mzigo wangu. Nilichambua mbele yao kwa madaha yote, natupa vijiwe mlangoni. Mwanangu akasema ataubakiza ufunguo mfukoni kwanza, atajibu akiwa ametulia.

Kesho yake mchana tulikaa kula, mimi na mke wangu tu. Kijiko cha kwanza, jiwe. Lililia kwenye jino mpaka kuku wa nje wakageuka. Ningeweza kulitema. Nililimeza.

"Umemeza ngapi?" mke wangu akauliza.

Nilisema moja. Akainuka, akaleta kisahani, akanishikisha kilichokuwa ndani: vijiwe vya kahawia, vingi, alivyovitoa baada yangu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba siku ya maharage meupe sikuacha hata kimoja, naye alifurahi sana, lakini aliogopa furaha yake mwenyewe, ndiyo maana akaleta ya kahawia. Hakunicheka. Angecheka ningejua la kufanya.

Basi nilielewa. Reli nyeusi kwenye theluji nyeupe, jiwe jeusi kwenye maharage meupe. Mtamba wa udongo kwenye barabara ya udongo. Nilikuwa dereva mzuri kabisa wa nchi ya watu, na kwetu theluji hainyeshi. Niliona uchungu, sitaficha. Nilitoka nikaingia kwenye lori nikajifungia. Nilikaa mahali pangu, nikashika usukani, na kwa hasira nikafumba macho kabisa, ili yasinidanganye tena.

Nikaanza kwenda, lori limezimwa palepale. Nikatoka uwanjani, nikateremka, nikapita mahali penye mkaratusi uliokatwa, ambapo lazima uwe umeshika gia ya pili kabla kona haijaonekana. Nikapita daraja la mbao ambalo ubao wake wa tatu hulia. Nikapita mahali ambapo mwaka mzima matope hayakauki, na mwenye akili hushika ukingo wa juu. Wenye bunduki wamebadilishana barabara hii mara ngapi, mabango yamebadilika, kona ziko palepale. Nilipofumbua macho nilikuwa nimefika Muheto. Ndipo nikamkumbuka yule wa treni, anayepunguza kabla hajaona. Yeye theluji inamsaidia nini? Kinachomwongoza anacho kichwani. Na mimi ninacho.

Jioni ile nilituma mtu kumwita binti yangu. Jumamosi asubuhi na mapema nilikuwa mlangoni kwa mwanangu, yeye binti kando yangu. Nilimwambia lori ni langu mpaka mnunuzi afike, na maharage yangu yako Muheto yanangoja gari. Mwanangu alisema maneno mengi. Alisema mwanamke na kipofu kwenye lori moja, watu watatuimba. Nilimjibu waimbe, wachague na sauti.  Binti yangu alinyoosha kiganja, akakiacha hapo hewani mpaka kaka yake akachoka kukitazama, akaweka ufunguo.

Njiani sikumwachia anyamaze wala mimi sikunyamaza. Pikapu ya maziwa ni kitu kimoja, lori ni kingine, na mwanzoni aliushika usukani kama anamzuia ng'ombe jike asipige teke. Nilimwambia alegeze mikono, kazi haiko mikononi. Kwenye mkaratusi nilisema pili, sasa. Akasema Papa, sioni kona. Nikasema hata mimi. Akaingiza ya pili, na kona ikatokea, na tukaipita. Baada ya hapo hakuuliza tena. Nilisikiliza daraja, ubao wa tatu ukalia, nikamwambia sasa ahesabu nyumba nne kisha ashike ukingo wa juu. Kuna mahali niliuliza kuna nini mbele, akasema ng'ombe wawili. Akawaona yeye, nikamwambia mimi la kufanya. Kwa pamoja tulikuwa na kila kitu ambacho dereva anahitaji.

Tulipakia magunia Muheto, tukarudi. Mteremko wa mwisho kabla ya kupanda kwetu ndio unaoua magari, na pale nilihisi moyo wake kwenye mguu wake, anagusagusa breki. Nilimwambia aiache breki ipumzike, injini ituzuie. Aliamini. Lori likateremka na mzigo wake likinguruma, polepole, mpaka chini, na nilijikuta natokwa na machozi kwa furaha, nikayaacha yatoke, macho yale yalikuwa hayana kazi nyingine.

Uwanjani mwanangu alikuwa amesimama na mnunuzi, mtu mnene mwenye adabu. Alilizunguka lori, akagusa matairi, akatazama magunia, akauliza barabara ikoje. Akaambiwa tumetoka Muheto. Akashangaa, kwa mvua hizi. Akamtazama binti yangu anayeshuka upande wa usukani, akanitazama mimi ninayetafuta kidaraja cha kushukia kwa ncha ya kiatu, akataka kujua ni nani aliyelileta lori hapa.

Mwanangu alifungua mdomo. Dada yake akamtangulia.

"Shofere njo uyu Papa," alisema. "Miye niko nashika tu volani."

Nilimwambia yule mtu wa Goma apite ndani anywe chai kabla ya kurudi, kwa kuwa safari yake ni ndefu na gari haliuzwi. Kisha nikamwomba binti yangu ufunguo, nikaingia nao ndani, nikapapasa ukuta mpaka nikaupata msumari, nikautundika.