Alinifundisha Kiarabu cha Juba Bure, Kumbe Alikuwa na Haja

Jamani, mshawahi kuulizwa swali lilelile miezi na miezi, na hamjui mnaulizwa nini?

Mimi naitwa Rael. Nauza chai na mandazi Kakuma, pale mabasi yanaposimama. Kila basi la kutoka Lodwar likifika, mama mmoja mzee kutoka kambi ya wakimbizi alikuwa anakuja mbio, anatazama abiria wakishuka mpaka wa mwisho, halafu ananigeukia mimi.

"Jena tai ja?"

Mimi natabasamu tu, namwekea chai. Anakunywa, anaenda zake. Waliomjua walimwita Mama Ayen.

Wateja wangu wengi ni wa Sudan Kusini, na mimi nilikuwa nauza kwa kubahatisha, lugha yao siijui. Siku moja Jal, kijana wa bodaboda anayeegesha kando ya kibanda changu, akaniambia:

"Mathe, nikufundishe Kiarabu cha Juba? Bure kabisa."

Kitu cha bure, Kakuma hii? Nikacheka. Lakini hakuwa na mzaha.

Opondo, fundi wa simu jirani yangu, naye akanicheka mimi. "Hiyo Kiarabu ya mtaa hata Dubai hawaiskii! Si ujifunze kitu ya maana?"

Sikumjali. Nikaanza na sukari, maji, bei. Biashara ikachangamka. Watu waliokuwa wakinipita sasa wakawa wanakaa na kunisimulia mambo yao.

Ndipo nikaelewa swali la yule mama.

"Mtoto wangu amefika?"

Mtoto mwenyewe ni Kon, aliyekwenda Lodwar kufanya kazi ya mjengo. Nikawa namjibu, "Lisa, mama." Bado. Basi anakaa, ananihadithia utundu wa Kon alipokuwa mdogo. Nilimpenda yule mama, sitaficha.

Ila kuna jambo lilinitatiza. Vijana wa ukoo wake wakimwona anakuja, wanawasha pikipiki, wanatoweka. Hata Jal.

Siku moja Jal akaja, chai hataki.

"Leo nakufundisha neno moja tu. Mutu."

"Ndiyo nini?"

"Kufa." Akainamisha kichwa. "Kon alikufa, mathe. Ile mvua ya mwaka jana, lagga ya Lodwar, ule mto mkavu, ilijaa ikambeba. Mwili hatukupata."

Nikaiweka birika chini.

"Na mama yake hajui?"

"Nani amwambie? Sisi wote ametulea. Kwetu, mtu akipelekea mama habari ya mtoto wake kufa, hawezi tena kula nyumbani kwa huyo mama. Hata pasta ni wa ukoo. Na kabla aambiwe kwa mdomo, hakuna kilio, hakuna maombi. Tulitaka mtu wa nje. Lakini Mama Ayen haskii Kiswahili."

Nilimtukana Jal, nisiwadanganye. Kumbe kila neno aliloniwekea mdomoni lilikuwa linanipeleka huku! Lakini nikinyamaza, yule mama atayakimbilia mabasi mpaka lini?

Basi lililofuata likafika. Akaja. Akauliza.

Nikamkalisha, nikamshika mikono yote miwili.

"Mama, Kon mutu."

Hakupiga kelele. Alinitazama sana.

"Ana arufu," akasema. Najua.

Alijua tangu mvua zile, watoto aliowalea walipoanza kumkimbia. Ila mama haruhusiwi kumlilia mtoto ambaye hajaambiwa kwamba amekufa. Kwa hiyo hakuwa akija kumngoja Kon. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia.

"Wote wananionea huruma," akasema, "lakini hakuna anayenipa mtoto wangu nimlilie. Nikakuchagua wewe, kwa sababu hukunikimbia. Umechelewa kujifunza, binti yangu."

Ndipo akalia. Jamani, alilia! Na mimi nikalia naye, chai ikamwagika jikoni hakuna wa kuitazama.

Jioni hiyo ukoo ukakusanyika, maombi yakafanyika. Mimi nilisimama nje. Tangu hapo sijaonja chakula cha kwake. Yeye ndiye anakuja kula kwangu.

Wapo wanaoniuliza mpaka leo, Kiarabu kisicho na cheti kina faida gani. Nawaambia hivi: jifunze lugha ya jirani yako kabla hajafiwa. Siku ya msiba hakuna nafasi ya kuanza na salamu.