Stroberi ya kwanza ya Nuru

Samahani nimekaa kimya, kulea kunachosha. Ila la leo siliachi.

Tangu joto la Guangzhou lipungue, binti yangu Nuru anamwagilia miche yake ya stroberi pale roshani. Leo ikaiva moja.
Moja tu!

Akaichuma. Kabla hajala, akamwambia mgeni wetu, anayejiita bosi wa makontena: "Karibu, anko."

Jamani, mtoto akikukaribisha si unajibu ahsante, kula mama?

Lijitu likaichukua. Likatafuna.
"Mbona chachu? Za dukani tamu."

"Basi nenda dukani, shemeji." Nikamsogezea viatu.

Nuru akaniuliza, "Nisikaribishe tena watu?"
"Karibisha, mwanangu. Ila huyo akija, meza yako kwanza ndipo umkaribishe."

Mnaokuja huku kutoka nyumbani, bado nahitaji ubuyu pakiti mbili na dagaa kilo moja. Msimpe huyo bosi wa makontena alete.