Waridi la Chupa na Nyuki wa Baba

Paa. Kiganja kinene juu ya shingo iliyolowa jasho na marashi. Nimesikia milio mikubwa kuliko huo, matairi ya malori yakipasuka Tunduma, radi za masika zikipiga mlimani kwetu, lakini nikifumba macho ni kofi lile ninalolisikia, na baada yake kimya kidogo, utadhani nyuki walikuwa wanaulizana nani amekufa.

Aliyejipiga kofi alikuwa shangazi wa mchumba wa dada yangu. Alikuja kwetu Mbozi, juu ya Nanyala, pamoja na mjomba wa mchumba, kumwona dada na kupanga siku ya ndoa. Mchumba mwenyewe alibaki Tunduma kwenye cherehani yake. Dada alimpenda yule fundi mpaka akawa anaongea naye usingizini. Mimi nilimpenda kwa sababu zangu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sina pa kwenda, na nilishajipangia kwamba dada akiolewa nitamfuata, nitauza kwenye duka lenye kabati la kioo, nitavaa viatu vya kisigino hata siku za kazi. Wageni wakiondoka wamekasirika, dada atabaki kwenye kahawa ya baba, na mimi pembeni yake. Siku hiyo hata kukohoa tulikohoa kwa adabu.

Miaka ile sabuni tu ilikuwa habari ya kusimuliana. Duka la kijiji lilibaki na rafu na muuzaji mwenye usingizi. Shangazi akafungua mkoba, akatoa kanga, akatoa sukari, halafu chupa ya kijani yenye kichwa cha kubonyeza, iliyovuka mpaka kutoka Zambia.

"Haya si marashi ya bibi zenu," akasema. "Ya kisasa haya. Nusa, mwanangu."

Nilinusa, nikapotea. Waridi nililolijua lilikuwa tamu, zito, la kwenye mrashi wa shaba. Hili lilikuwa waridi lililong'olewa na bua lake na majani yake, na umande bado juu. Ndani yake mlikuwa na ubichi, ule unaobaki vidoleni ukifikicha jani la mnyanya, na nyuma ya ubichi ule, mchaichai.

"Kwetu mwali harashiwi peke yake," akasema, akampuliza dada, akampuliza bibi aliyekaa mkekani na mguu wake mbovu, akanipuliza mimi na mjomba. Mwenyewe alijimiminia shingoni bila huruma. Hata mbuzi aliyefungwa kwenye nguzo ya ghala, akisubiri kisu, alipata lake. "Na wewe ukanukie sufuriani." Tukacheka wote, isipokuwa baba.

Baba alikuwa mfuga nyuki. Mizinga yake ya magogo ilining'inia nyuma ya kahawa, na kila alipotundika mpya aliusugua kwa mchaichai ili kundi linalotafuta makao lisikie harufu na kuingia. Juma lile alikuwa amesugua mmoja. Akanisogelea.

"Hiyo ni harufu ya mzinga wangu. Watakuja kuuliza."

"Mwambie akanawe, baba."

"Nimwambie nani akanawe?" Alinitazama utadhani nimetukana. "Mkwe?"

Kwetu mkwe humtajii mwili wake. Huwezi kumwambia ananuka, hata akinukia vizuri. Baba akaanza kuzunguka kwa maneno.

"Mkwe, jua hili kali. Tuingie ndani."

"Ndani kwenye moshi? Hapa pana upepo, mkwe."

"Upepo wa huku unaleta homa."

"Mjomba, unamsikia? Sijanywa hata bakuli moja la kahawa yake na ameshaanza kunificha ndani." Mjomba akacheka mpaka akajipiga paja. Baba naye akacheka, macho yake kahawani.

Wakaja wachache kwanza. Mmoja alitembea begani kwa dada, na dada akatulia, ndivyo tulivyofundishwa tangu utoto. Mwingine akatua shingoni kwa shangazi.

Paa.

Nyuki akipondwa, harufu yake huwaita wenzake vitani. Walitoka kahawani wote pamoja, weusi. Shangazi alipiga kelele mara moja tu, maana ya pili nyuki walimwingia mdomoni. Badala ya kukimbilia jikoni kwenye moshi alikimbilia kahawani, walikotoka, kichwa chake kimevimba kwa nyuki hadi nywele hazionekani. Bibi hakuweza kuinuka. Dada alimfunika kwa mkeka akalala juu yake, na nikaona mgongo wa dada ukijaa nyuki. Mama, mlangoni mwa jiko, alitupa majani mabichi motoni huku akituita kila mtu kwa jina lake. Mbuzi aliruka mpaka mwisho wa kamba, akaanguka, akaruka tena. Kamba ilikuwa imara. Aliruka mpaka akabaki anatupa miguu tu.

Baba alifunga nyasi kavu, akaziwasha, akazifunika majani ili zitoe moshi, akamkimbilia shangazi. Mjomba, jicho moja limeshazibika, aliona mtu anakimbia na moto kuelekea kwa shangazi. Akachukua mpini wa jembe. Pigo la kwanza lilivunja mkono wa baba, la pili likampata mdomoni. Nilisikia meno.

"Umewatuma, sasa unataka kumchoma! Mchawi wee!"

Dada akainuka juu ya bibi akajitia katikati. Mjomba akampiga teke la tumbo, akaanguka, nyuki bado wamemjaa. Hapo mama, ambaye hata kuku alikuwa hampigi, alitoka na mchi wa kutwangia akamshushia mjomba begani, mjomba akapiga magoti. Mama akauinua mchi tena. Bibi ndiye aliyemshika mama mguu, kutoka chini ya mkeka.

Tuliburutana wote jikoni, maadui na wenyeji, tukikohoa kwenye sakafu moja. Mama akaanza kumkwaruza shangazi miiba kwa ukucha.

"Niacheni," shangazi alisema kwa midomo iliyofura. "Sitaki kufia mikononi mwa wachawi."

"Ukitaka kufa utaanza kunyamaza. Geuka."

"Tulikuja kwa heri."

"Geuka, nimesema."

Dada alikuwa ameshika tumbo. Alimtambalia baba. "Baba, sema. Sema ni marashi. Wewe ndiye unayejua."

Baba alitema jino kiganjani. Alimtazama shangazi aliyelala pale mabega wazi, ubichi ule wa marashi ukinukia kupita moshi, kisha akageuza uso wake ukutani.

"Mkwe ameleta zawadi nzuri," alisema.

Bado alikuwa anaitafuta ndoa. Damu inamtoka kinywani na bado anaitafuta. Dada hakuweza kuvumilia.

"Ni marashi, shangazi. Nyuki wameyafuata marashi."

Shangazi akajiinua kwa kiwiko. "Kumbe ni zawadi yangu ndiyo iliyotuuma. Mjomba, umesikia? Mwali hajaingia ndani kwetu na ulimi ameshautanguliza."

Hapo ndipo uchumba ulipovunjika. Lori la kahawa liliwachukua jioni, likampeleka shangazi hospitali, akapona. Baada ya siku chache akaja mzee mmoja kutoka Tunduma, mpole, akakaa barazani akapewa uji, akasema ametumwa kuchukua vitu. Dada alikunja kanga mwenyewe. Alizikunja vizuri, pembe juu ya pembe, wala hakulia mbele yake.

Mimi nikatumwa chupa.

Niliichukua, lakini nilipitia mlango wa nyuma, nikaenda kahawani peke yangu mpaka chini ya ule mzinga mpya. Uso wangu ulikuwa bado umevimba upande mmoja. Nikabonyeza mara moja kwenye kifundo cha mkono, nikaunyosha.

Alikuja mmoja. Akatua, akatembea juu ya mshipa, akasimama kuonja. Wakaja wengine. Nikasikia kiganja cha mkono wa pili kinataka kuinuka chenyewe, nikakiweka mgongoni. Sikumpiga hata mmoja. Nilisimama hivyo, mkono mbele, mpaka wa mwisho alipomaliza kuuliza akaruka zake.