Mitaa Iliyonyooka Chini ya Rukwa

Nikiwa bado mtoto wa kutumwa kuni, tulihamishwa kutoka mlimani juu ya Muze tukaishi tambarare, karibu na Ziwa Rukwa. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Ofisa aliyekuja kutupimia viwanja aliipenda tambarare ile kwa sababu moja: kamba yake ilinyooka bila kukutana na jiwe wala mti. Hakujiuliza miti ilikwenda wapi.

Bibi alijiuliza. Jioni alimwaga kichuguu kidogo cha unga wa ulezi pale nyumba zitakapojengwa, kama wazee wetu walivyokuwa wakiomba mahali. Unga ukikutwa salama asubuhi, mmekaribishwa. Sisi tuliukuta umelowa, umekuwa uji.

"Pamekataa," Bibi alimwambia ofisa. "Hapa pana mwenyewe, na atarudi."

"Shikamoo, bibi. Lakini unga hauna kura kwenye mkutano wa kijiji."

"Marahaba, mwanangu. Na maji je, huwa yanasubiri kura?"

Watu wakacheka, ofisa naye akacheka, kisha akaendelea kupima. Leo najua unga ulilowa kwa sababu maji yalikuwa karibu, chini ya udongo tu. Bibi angesema hicho ndicho alichosema.

Mwanawe, baba yangu mdogo, alikuwa amechaguliwa balozi wa nyumba kumi, akapewa kiwanja cha mbele kinachotazama ziwa. Cheo kilimkaa vizuri. "Mama, unaniaibisha mbele ya serikali," alinong'ona.

Masika ya pili ziwa likarudi kwake, taratibu, bila kelele. Tukakimbilia mlimani na kuku na vyungu. Ndipo baba mdogo akakumbuka mlango. Aliuchonga mwenyewe kwa mninga alipooa, na kwetu mwanamume akihama, huhama na mlango wake.

"Utachonga mwingine," Bibi alimwambia.

"Maji yako magotini tu, mama. Narudi sasa hivi."

Usiku maji yalizidi kupanda, naye hakurudi. Kesho yake mvuvi mmoja alitupakia mimi na Bibi kwenye mtumbwi, tukamtafute. Rukwa kwa kawaida ni tope tupu, lakini asubuhi ile maji yalikuwa yametulia juu ya majani, nikaona hadi chini. Mungu anisamehe, palikuwa pazuri. Mitaa imenyooka vilevile. Mafiga yamekaa mahali pake. Mahindi yalikuwa bado yamesimama, yakiyumba polepole kama yanapigwa na upepo, na samaki wakipita katikati yake kama watu wanaotoka sokoni. Tulipoishi humo, kijiji hakikuwahi kupendeza vile.

Mlango tuliukuta ukielea. Baba mdogo hatukumpata.

Taarifa ya ofisa, tulisikia, ilisema wananchi wamehamia mlimani kwa hiari.

Majirani walingoja Bibi aseme, "Niliwaambia." Hakusema hadi anakufa. Mtu akimsifu kwamba alijua, aliinuka akaenda zake jikoni. Tulidhani ni unyenyekevu. Sasa nina watoto wangu, ninaowakataza jambo hili na lile kila siku, ndipo nimeelewa: katika kijiji kizima, hakuna aliyeomba Bibi awe amekosea kama Bibi mwenyewe.